Hindi Nililogawana Hockley

Kama umekuja kusikiliza mambo ya kubuni, tafuta mtu mwingine. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijalewa, sina homa, tena nimevaa viatu vyangu vya kazi. Na mimi si mtu wa mapepo. Nimekulia Kitale, kwetu ni Wabukusu, na wale watu wanaoona majini kila wakikosa usingizi nimewajua tangu utotoni. Baba yangu aliwacheka, nami nimewacheka karibu maisha yangu yote. Siku hizi sicheki. Wewe ukitaka kunicheka, cheka, bora unisikilize mpaka mwisho.

Naishi Small Heath, hapa Birmingham, nyumba moja na binti yangu Nekesa. Nekesa alizaliwa hapa hapa, ila nilimpa jina hilo kwa sababu mwezi aliozaliwa, kule nyumbani walikuwa wanavuna mahindi, na kwetu msichana wa mavuno huitwa hivyo. Kenya amefika mara moja tu akiwa mtoto wa kubebwa. Kiswahili anakisikia chote, hata matusi, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Wakati wa mambo haya alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe, kijana wa Kikongo anayeendesha lori, tulimwona wikendi tu. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na yeye na lile tumbo.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Unamwogesha mtu, unampikia uji, unamfunga vifungo vya shati, halafu unakimbilia basi la kwenda kwa mwingine. Mmoja wao alikuwa bibi wa Longbridge aitwaye Jean. Ujana wake wote alishona viti vya magari katika kiwanda kilichokuwa huko, kabla hakijabomolewa yakajengwa maduka. Nilipomjua alikuwa amepita miaka tisini, miguu imekataa, mdomo haujakataa. Nilimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yetu, naye aliniita bab, ndivyo watu wa hapa wanavyomwita mtu waliyemzoea. Alikuwa na sweta la kijani ambalo kifungo chake cha pili kutoka juu hakikuwepo. Sijui nilimwomba mara ngapi nimshonee kingine, akakataa. Alisema ukoo wao walikuwa mafundi wa vifungo vya shaba kule Hockley, na hatatiwa plastiki kifuani akiwa hai.

Kukhu Jean hakuzaa. Lakini alikuwa na jambo moja lililomnyima raha, nalo lilikuwa mama mzazi wa babu yake. Kisa chenyewe ni hiki. Baba wa babu yake alikwenda Marekani kutafuta kazi, akafika katikati kabisa ya nchi ile, Indiana, kwenye mashamba ya mahindi. Huko akaoa msichana wa shambani akarudi naye Hockley. Msichana hakukaa. Alizaa mtoto mmoja wa kiume, na kabla mtoto hajasimama dede mama akafa kwa kifua, hajafika hata miaka ishirini. Bwana akaoa mwingine upesi. Huyu wa pili, sijui ni wivu gani wa kumwonea maiti, akapiga marufuku jina la mwenzake kutajwa ndani ya nyumba. Mtoto akakua akiambiwa tu kwamba mama yake alikuwa yule Mmarekani. Ikabaki picha moja ndogo, ambayo Kukhu alisema ameihifadhi mahali, na sikuwahi kuiona.

Alikuwa amewasumbua watu wa kila aina wamtafutie hilo jina. Walitafuta, hawakupata. Siku moja namvalisha soksi akanishika mkono akaniambia, "Babu yangu alikufa mzee hana jino hata moja, na kitandani bado anauliza mama yake aliitwa nani. Nikienda mimi, bab, hakuna wa kuuliza tena."

Neno hilo lilinichoma. Wewe labda ni wa mahali pengine, ngoja nikueleze. Kwetu marehemu hapotei, anapewa mtoto. Mtoto akizaliwa akawa analia hanyamazi, wazee wanakaa naye wanataja majina ya waliokufa, mmoja mmoja. Likitajwa la yule anayetaka kurudi, mtoto ananyamaza, anaitwa hivyo, mambo yameisha. Mzungu atakwambia ni tumbo linamuuma. Sawa, na liwe tumbo. Mimi nilikuwa nafikiria yule msichana wa Indiana, hakuna aliyemtaja jina kwa zaidi ya miaka mia. Unarudije kama hakuna anayejua akuite nani?

Kukhu alikumbuka kwamba akiwa mdogo alipelekwa kwenye kaburi la yule bwana, katika makaburi ya zamani Hockley. Sehemu ya chini ya jiwe ilikuwa imefunikwa na kuvu la kijani, na miaka yote aliamini kwamba jina limejificha hapo. Akaniomba siku yangu ya mapumziko niende nikasugue, nimpigie picha. Hakuwa mtu wa kuomba omba. Nilimwambia nitakwenda.

Ilikuwa Desemba. Asubuhi ile, Coventry Road, kuna muuza duka Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi, akaniita kutoka mlangoni, "Mama, leo nina mahindi ya ukweli, si hizi peremende zao." Na kweli, yalikuwa mahindi meupe ya nyumbani, magumu, yenye meno. Nikanunua, na mchana kabla ya kuondoka nikachoma moja kwenye gesi mpaka Nekesa akalalamikia moshi, nikalifunga kwa foili na taulo. Nikabeba na sponji ya vyombo na chupa ya maji, nikapanda basi.

Makaburi yale yako chini ya karakana, unasikia nyundo na mashine huku umesimama na wafu. Mawe yameinama kila upande. Nilizunguka mpaka magoti yakalalamika, nikalipata jiwe, nikapiga magoti kwenye tope nikasugua. Jina la bwana lipo. La mke wa pili lipo, na sifa zake juu. Nikasugua chini zaidi, kuvu likatoka, maandishi yakatokea: na mkewe wa kwanza. Basi. Baada ya hapo jiwe tupu, laini, halijawahi kuguswa na patasi.

Nilikasirika, nakwambia. Mtu anamweka fundi achonge maneno yote hayo, halafu anashindwa kuongeza jina moja? Nikapiga picha, nikakaa kwenye ukuta mfupi pale kando, nikafungua hindi langu. Ilikuwa saa kumi jioni, ambayo Desemba hapa ni giza tayari, kuna taa za barabarani tu kule juu na ile mvua yao isiyonyesha wala kuacha.

Sikumwona akija. Nilimsikia. Kengele ndogo, kama ya mbuzi, mara moja, mara mbili, halafu kuna msichana amekaa kwenye ukuta upande wangu wa kushoto.

"Umechoma mahindi," akasema. Kiingereza chake hakikuwa cha hapa, alikuwa anavuta maneno.

Najua utaniuliza, hukuona mavazi yake? Niliona. Gauni refu la kahawia, shali nyembamba mabegani, nywele zimefungwa nyuma. Lakini hii ni Birmingham, vijana wanavaa chochote wanachookota, na nilidhani ni mwanafunzi, au mmoja wa wale wasio na pa kulala. Nyusi yake ya kulia ilikuwa na kovu, limeikata katikati. Na alikuwa analiangalia hindi kwa njia ambayo mtu mwenye utu hawezi kuendelea kula.

Kwetu huli mbele ya mtu. Hiyo ni aibu ambayo miaka yangu yote hapa haijanitoa. Nikalivunja hindi, nikampa kipande kikubwa.

Wazungu niliowaona mimi huliuma hindi kwa meno. Huyu alitia kidole gumba, akaanza kupukuchua punje mstari kwa mstari, vile vile tulivyofanya sisi jikoni kwa mama. Nikafurahi kijinga. Nikamwuliza kwao wanalima mahindi? Akasema kwao hakuna kingine. Basi tukaanza. Aliniambia jinsi shamba linavyosema jioni upepo ukipita kwenye majani, na mimi nikamwambia najua, nilikuwa nikilisikia kutoka kitandani. Aliniambia mtoto akiingia katikati ya mabua anapotea, haoni mbele wala nyuma, na mama yake alikuwa akimfunga kengele ili asikike. Nikamwambia sisi hatukuwa na kengele, mama alisimama kando ya shamba akaita jina lako mpaka utoke, na usipotoka anakuja na fimbo. Akacheka. Akasema mama yake pia aliita jina.

Miaka yote nimekaa nchi hii sijawahi kupata mtu wa kuzungumza naye sauti ya shamba la mahindi. Niamini, kwa hizo dakika chache nilijisikia nyumbani.

Halafu nikaanza kuwa mama. Nikamgombeza kwa nini hana koti, kifua kitamwua. Akasema hasikii baridi sasa. Nikamwuliza anaishi na nani. Kidole gumba kikaendelea na kazi yake.

"Nina mtoto," akasema. "Nilipougua walimchukua. Niliwasikia wakimpeleka chumba kingine, analia, na mimi siwezi kusimama."

Wee, moyo wangu. Wenzangu wote hapa wanaogopa jambo hilo, mtu wa serikali kuja na karatasi akabeba mtoto wako. Nikadhani ni hayo. Nikamwambia pole mwanangu, watamrudisha. Na sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Nilisimama, nikakung'uta nguo, nikasema lile tunaloambiana sote tukiagana, la adabu tu, bila hata kufikiri. Nilimwambia, "Siku moja upite nyumbani. Karibu sana. Binti yangu naye anatarajia, utamwona mtoto."

Kwetu kila mtu huambiwa karibu. Hakuna anayekuja. Yeye akainua uso.

"Kweli?" akauliza. "Nikija mtanijua?"

"Nitakosaje kukujua?" nikasema.

Nikainama kuchukua sponji na chupa yangu. Nilipoinuka, ukuta ulikuwa mtupu. Gunzi lilikuwa pale limesafishwa halina punje, na kando yake punje zote zimekusanywa chungu kidogo. Hakuwa amekula hata moja. Nikazigusa, zilikuwa baridi kama zimetoka kwenye friji, na kipande changu mkononi bado kina joto. Nikatembea haraka kwenda kituo cha basi, nikajiambia huyo msichana ana miguu myepesi.

Kesho yake nilimwonyesha Kukhu Jean picha ya jiwe. Akaiangalia muda mrefu akasema basi, ndivyo. Niliona amekata tamaa, nikaona nimchangamshe kidogo, nikamsimulia habari za yule msichana wa mahindi. Nilipofika kwenye kovu la nyusi akaniambia nifungue droo ya chini, nitoe kibweta cha nyuzi. Ndani, chini ya nyuzi, ndiyo picha. Ndogo, imefifia, ina kona moja tu. Shali ile ile. Nyusi ya kulia imekatwa katikati.

Nilikaa chini kwenye zulia, mtu mzima mimi. Nilingoja Kukhu aogope, au aniite mwongo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Macho yalimtoka, akaniuliza swali moja tu.

"Alikwambia jina lake?"

Na sikuwa nimemwuliza. Unaelewa? Nilimwuliza mahindi, nilimwuliza koti, nilimwita mwanangu. Sisi hatuulizani majina ovyo, ni mama fulani, ni dada, ni mwanangu, inatosha. Nilikaa bega kwa bega na mtu pekee anayelijua, nikala naye, nikaondoka.

Kukhu aligeuza uso ukutani. Hakunitukana. Alilia kimya, kama mtu asiyetaka kumsumbua mwingine, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Nilirudi Hockley mara nyingi baada ya hapo, kila jioni niliyopata nafasi, na hindi la kuchoma mkononi, naita tu hewani mwanangu, mwanangu, wapita njia wananitazama. Hakuja. Mwezi wa Januari Kukhu Jean alikufa usingizini. Wakamzika na sweta lake, upande huo huo wa Longbridge, karibu na babu yake. Tuliohudhuria tungeenea kwenye meza moja.

Februari Nekesa akajifungua msichana, mzuri, mzito, ana nywele mpaka shingoni. Walimwita Ruby. Wiki ya kwanza alikuwa malaika. Wiki ya pili, jioni giza linapoingia, akaanza kulia, na hakulia kama watoto ninaowajua. Alilia kama mtu anayeita. Ziwa akalikataa. Chupa akaikataa. Tulimpeleka hospitali, wakampima kila kitu, hawakuona ugonjwa, wakaturudisha. Uzito ukaanza kushuka. Mapaja yale mazito yakawa ngozi. Tukarudi, wakamtia maji ya dripu, akapata nafuu, tukaja nyumbani, jioni ikafika, akaanza tena. Nekesa akawa hali, hachani nywele. Akaniambia akienda tena na mtoto huyu amekonda hivi, watamwuliza kama anamlisha, halafu watamchukua. Aliposema watamchukua, nilimsikia yule msichana wa Hockley akilisema neno hilo.

Na kuna jambo jingine. Nekesa aliniuliza ni paka wa nani huyu anayepita kwenye ngazi zetu jioni amevaa kengele. Hatukuwa na paka. Nami habari ya kengele sikuwa nimemwambia mtu yeyote katika nyumba ile, kwa sababu sikutaka kumtisha mwenye mimba.

Nikajua mgeni wangu amefika.

Nilimchukua mtoto magotini, nikafanya kama walivyofanya wazee. Nikataja mama yangu. Nikataja bibi zangu pande zote, shangazi zangu waliotangulia, hata yule aliyekuwa mkorofi. Mtoto analia tu. Nikataja Jean. Hapo akanyamaza ghafla, akafungua macho, akaangalia mlango. Nikadhani tumepona. Kisha akalia zaidi, mpaka midomo ikawa ya buluu. Nekesa akamnyakua, akanifokea kwa Kiingereza kwamba mtoto wake anakufa na mimi namfanyia mambo ya Kitale.

Ikabidi nimwambie yote. Kaburi, hindi, picha, na lile karibu. Alinisikiliza mtoto analia begani kwake. Nilidhani ataniita kichaa. Badala yake akaniuliza polepole, "Ulimkaribisha mtu nyumbani kwangu, mama? Kwa mtoto wangu?"

Nikasema kwetu ni adabu, kila mtu huambiwa. Akasema ndiyo shida yetu, tunasema karibu bila kumaanisha, sasa nione.

Jioni iliyofuata alikuwa amechoka kiasi kwamba aliketi kwenye kochi akalala akiwa amekaa, kiatu kimoja mguuni. Mimi nimesimama sebuleni na mtoto, analia sauti imekauka, haitoki vizuri, na huo ukavu wa sauti ndio ulionitisha. Kiza kiko dirishani. Kengele ikalia kwenye ngazi. Mara moja. Ikasogea. Ikalia tena, karibu na mlango wa sebule.

Niliogopa, sitakudanganya, mkojo ulinitoka kidogo. Lakini uchungu wa mjukuu unazidi woga. Nikaugeukia ule mlango nikasema, "Nisamehe, sikukuuliza. Nakuuliza sasa. Unaitwa nani?"

Halafu nyuma yangu Nekesa akasema, kama mtu anayejibu kutoka mbali, "Almira."

Mtoto akanyamaza.

Hakupunguza kidogo kidogo, alinyamaza hapo hapo, akavuta pumzi moja ndefu inayotetemeka, akageuza kichwa kutafuta ziwa. Nekesa alikuwa ameamka, ananitazama, ananiuliza kwa Kiingereza Almira ni nani. Nikampa mtoto, akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka shingoni. Na akinyonya, Nekesa akaniambia ndoto yake. Alikuwa mahali penye majani marefu kumpita kichwa, makavu, yanasema kama mvua isiyolowesha. Hakuona mbele wala nyuma. Huyu binti yangu hajawahi kuona shamba la mahindi maishani mwake, hata kwenye picha sidhani. Akasema kando ya yale majani alisimama bibi mzee wa kizungu, amekinga mikono mdomoni, anaita Almira, Almira, njoo nyumbani.

Nikamwuliza bibi mwenyewe yukoje. Akasema amevaa sweta la kijani. Akasema ni ajabu jambo alilolikumbuka, kifungo kimoja hakikuwepo, cha pili kutoka juu.

Nekesa hakuwahi kukutana na Kukhu Jean. Sasa wewe niambie.

Nililia siku ile mpaka nikachoka. Alisimama, Kukhu. Kwa miguu yake. Alikuwa amelipata jina mwishowe, huko alikokwenda, na jambo la kwanza alilofanya nalo lilikuwa kuita.

Tulimwita mtoto Almira. Nekesa ndiye aliyesema, hata hakuniuliza, na mkwe wangu aliporudi na lori lake akakuta limeshaamuliwa. Uzito ulipanda. Kengele hatujaisikia tena. Watu wa kanisani wakisifu jina zuri namna hii tulilipata wapi, nasema ni la ukoo.

Ungependa niishie hapo. Mimi pia.

Sasa amefika miaka mitatu na kitu. Anacheka, anacheza, mkorofi kama mama yake. Anaongea Kiingereza cha Small Heath, cha watoto wa chekechea. Ukimpa hindi haliumi. Anatia kidole gumba, anapukuchua mstari kwa mstari, na hakuna aliyemfundisha. Zile punje wakati mwingine anazikusanya chungu kidogo, anaziacha. Hayo nayavumilia.

Lakini Desemba hii iliyopita, jioni, giza limeshaingia, nilimkuta amesimama dirishani amegusa kioo kwa paji la uso. Nikamwuliza anaangalia nini. Akageuka, akanijibu kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha kwetu, mtoto ambaye hajawahi kunitamkia hata maji.

"Kukhu," akasema, "mtoto wangu walimpeleka wapi?"

Tangu hapo anauliza kila giza linapoingia. Hasumbui, halii. Anauliza kama mtu anayeuliza basi litafika lini, anangoja jibu, halafu anarudi kwenye katuni zake. Mamake bado hajamsikia, na sijamwambia.

Na mimi ninajua alikopelekwa mtoto wake. Yuko Longbridge, karibu na Kukhu Jean, mwendo wa mabasi mawili kutoka mlangoni kwangu. Alizeeka, akang'oka meno, akafa akiuliza mama yake aliitwa nani. Ningeweza kumpeleka kesho. Nimevaa koti mara mbili kwa ajili hiyo, nikalivua. Kwa maana huyu hakuja kwetu kwa ajili yetu. Alikuja kumtafuta mwanawe, na akishamwona, ana sababu gani ya kukaa?

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyenisikiliza. Mtu usiyemjua ukimkuta jioni mahali pa wafu, mpe chakula ukitaka, hata mimi leo ningempa. Muulize jina. Lakini lile neno letu tamu la kuagana limeze, usilitoe mpaka uwe umeshaandaa kitanda na moyo wako umekubali. Kuna watu hawajakaribishwa popote kwa muda mrefu sana, nao watakuamini.

Leo pia ataniuliza. Nitamfunga vizuri sweta, nitambusu ile nyusi ya kulia, ambayo siku hizi imeanza kuota mstari mweupe katikati, na nitamwambia kama ninavyomwambia kila jioni. Kesho, mwanangu. Tutakwenda kesho.